Ukuta wa porini: nimepita, lakini usinifuate

Kibao kilikuwa pale pale, herufi kubwa: sehemu hii ya Ukuta Mkuu haijafunguliwa kwa watalii, usipite. Hatua tatu nyuma yake njia ya miguu ilikuwa imekanyagwa hadi ikawa nyeupe, kama njia ya kisimani. Tukapita, mimi na rafiki yangu wa Lubumbashi niliyekuwa nasoma naye Beijing. Sijisifu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, leo nalitoa.

Mahali penyewe ni Jiankou, wilaya ya Huairou, kaskazini mwa Beijing. Unapanda basi la 916 pale Dongzhimen, unashuka Huairou mjini, halafu unatafuta gari la kukupeleka hadi kijiji cha Xizhazi chini ya mlima. Jina Jiankou ni lile pengo la nyuma ya mshale, panapokaa uzi wa upinde, na ukiutazama mlima kutoka kijijini unaona kweli umebonyea hivyo. Vipande vya namna hii Wachina wanaviita ye changcheng, ukuta wa porini. Picha unazozijua wewe nyingi ni za Badaling, palipofunguliwa kwa wageni tangu miaka ya 1950: vishikio vya chuma, ngazi zilizonyooka, na umati kama Kariakoo mkesha wa Idi.

Jiankou hapana kishikio. Ukuta umepanda juu ya mgongo wa mwamba mweupe, mahali pengine umesimama wima kiasi kwamba unatambaa kwa mikono na magoti. Ngozi ya nje ni matofali, ndani ni kifusi cha mawe na udongo, na pale matofali yalipodondoka miti imeota katikati ya njia walimopita askari. Unashika shina moja, unajivuta, unatafuta jingine. Mnara mmoja hauna tena ngazi ya kuuingia. Mzee wa kijijini alikuwa ameegemeza ngazi ya mbao, kupanda ni yuan 5. Tulimwita "yeye", maana kwa Kichina neno hilo ni babu, na rafiki yangu hakuacha kucheka. Mzee akatutazama viatu, akatikisa kichwa, akasema man man. Pole pole.

Ndani ya mnara ule nilikaa zaidi ya pengine popote. Kuna baridi, kuna harufu ya majani makavu, na madirisha ya tao yanayotazama bonde la kaskazini walikotarajiwa Wamongolia. Askari walilala humu, na chakula na baruti vikawekwa humu. Minara ya namna hii, yenye uwazi ndani, iliongezwa kwa wingi na jenerali Qi Jiguang, aliyeletwa kaskazini mwaka 1568 baada ya kupigana na maharamia pwani. Nilipapasa chokaa katikati ya matofali mawili: ngumu kama jino. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walieleza siri ya chokaa cha zamani cha China, kwamba mafundi walikichanganya na uji wa mchele unaonata. Kwetu pwani chokaa tunakijua, matumbawe yanachomwa juu ya magogo mpaka yanalainika, lakini kukipikia uji sikuwahi kusikia.

Nikiwa humo nilikumbuka twiga. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, enzi ya nasaba ya Ming, wakati merikebu za Zheng He, amiri wa mfalme huyo, zikikata bahari yetu hii. Safari zile zikakoma 1433. Mwaka 1449 Wamongolia wakamteka mfalme mwenyewe vitani, pale Tumu, na katika miaka mia iliyofuata nasaba ile ile ikazidi kumwaga fedha yake kwenye mawe na matofali. Mimi wa pwani siwezi kuutazama ukuta huu bila kufikiria merikebu zilizoacha kuja.

Sasa, tulipokuwa tunateremka upande wa pili, rafiki yangu alikanyaga ukingo na tofali likachomoka. Tofali zima, zaidi ya kilo kumi. Likagonga mwamba, likagonga tena, kisha tukasikia majani tu, mbali chini. Yeye hakuumia. Tukasimama. "Ndugu yangu, tumeharibu," akasema. Tofali lile lilivumilia theluji na mizizi ya miti karne nne na ushee, likaja kung'olewa na raba ya mwanafunzi.

Watu wakijadili Jiankou hubishana juu ya ukarabati tu. Mwaka 2016 kulikuwa na kelele kubwa baada ya kipande cha ukuta huko Suizhong, mkoa wa Liaoning, kufunikwa juu kwa tabaka laini kama njia ya kando ya barabara. Magofu yakalazwa chini ya sakafu. Watu walikasirika, na wana haki. Lakini hapa Jiankou mafundi wamefanya kazi ya adabu: nyumbu wanapandisha mizigo mlimani, matofali yaliyoanguka yanaokotwa na kurudishwa, na palipo na gofu pameachwa gofu, pamefungwa tu lisiporomoke zaidi. Nilipita sehemu nyingine bila kujua kama ilikarabatiwa. Mimi naunga mkono ukarabati wa namna hiyo.

Ninaosita kuwaunga mkono ni sisi wapandaji. Tunajiona ndio wapenzi wa kweli wa ukuta, tunawacheka wa Badaling na fimbo zao za selfi, kumbe wao wanakanyaga matofali na mawe mapya, sisi tunakanyaga ukuta wenyewe. Sheria ya China ya kulinda Ukuta Mkuu, iliyoanza kutumika Desemba 2006, inakataza kuandaa matembezi kwenye vipande visivyofunguliwa. Kibao kipo. Ila kibao hakina macho. Mwenye macho ni yule mzee wa ngazi, anayejua jiwe gani linacheza na nani kapita leo. Wapo wanakijiji wanaolipwa kuzunguka na kuulinda ukuta; ningependa wapewe pia mamlaka ya kuongoza watu wachache kwa siku, kwa malipo, kwa njia moja tu, na siku ya mvua wafunge. Najua watu watalalamika kwamba pori limekuwa bustani. Walalamike.

Jioni tulifika Mutianyu, upande uliokarabatiwa. Ghafla ngazi zinalingana, kuna vishikio, kuna gari la kebo, na watoto wanateremka mlima kwa vigari vya kuteleza huku wakipiga mayowe. Nilikaa kwenye benchi nikavua raba kutoa kokoto. Kwenye mifereji ya soli palikuwa pamejaa unga mweupe. Nilidhani ni vumbi, mpaka nilipochokoa kwa kijiti na kipande kikatoka kigumu, kina umbo la ukingo wa tofali. Rafiki yangu alikitazama, akatazama mlima, akaniuliza basi la mwisho ni saa ngapi.