Acheni Kuwapanua Midomo Watoto wa Nyoka

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya wafugaji wa nyoka hapa Malindi. Mtoto wa nyoka wa nyumba, mwembamba kama penseli, kashikwa nyuma ya kichwa. Njiti ya kiberiti imeingizwa mdomoni, na kitoto cha panya kinasukumwa ndani kwa kidole. Maelezo yanasema ana siku 5 tangu atoke kwenye yai na "amegoma kula". Chini yake watu wanapongeza.

Siku 5! Nyoka wa umri huo hajagoma chochote. Tumboni bado ana mabaki ya kiini cha yai, na hata hamu ya kula haijamjia. Kwa kawaida hiyo huja baada ya kujivua gamba la kwanza, wiki moja hadi mbili baada ya kutotolewa. Kabla ya hapo mpe maji safi kwenye kisahani kizito, mfunike, ondoka.

Na akishajivua gamba akaendelea kukataa, tatizo mara nyingi liko kwenye sanduku. Hapa ndipo wengi wanaponiudhi, kwa sababu wanaruka moja kwa moja hadi mdomoni bila hata kupima joto. Eti tuko Pwani, joto la nini tena? Njoo Julai kusi likivuma usiku, uone kipimajoto kinasoma ngapi. Mtoto wa nyoka anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 hadi 32, na mwingine 25 au 26, ili achague mwenyewe. Bila joto hilo tumbo halisagi. Chakula huoza ndani na atakitapika, na akitapika umerudi nyuma kuliko ulipoanzia: utamwacha siku 10 hadi 14 bila kumpa kitu, kisha uanze na kipande kidogo zaidi. Pima sakafuni, pale tumbo lake linapolala, maana ukutani utapata namba nyingine. Stima ikipotea, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kipande cha kanga itamshikilia kwa saa kadhaa. Wakati wa kaskazi hatari inageuka: tangi la kioo lililowekwa dirishani, chini ya paa la mabati, humuua nyoka aliyemo kwa muda mfupi sana wa jua la Februari.

Halafu ukubwa. Mnamweka kiumbe wa gramu chache kwenye tangi la samaki la futi tatu, taa juu, watoto wamezunguka wakigonga kioo, na mnategemea ale. Porini, mtoto wa nyoka aliye mahali peupe ni chakula cha kunguru. Sanduku la plastiki la sentimita 30 kwa 20, lisilopitisha mwanga ubavuni, lenye matundu ya hewa, linamtosha kabisa. Weka vifuu viwili vya nazi vilivyotobolewa mlango mdogo, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi. Ukiweka kimoja tu, unamlazimisha kuchagua kati ya joto na usalama, naye atachagua usalama, akae baridi, asile.

Chakula chenyewe kiwe kitoto cha panya mweupe asiyeota manyoya, unene wake usizidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Kama kimetoka kwenye friza, kiyeyushe kwanza kwenye maji baridi, kisha kitie ndani ya maji ya nyuzi 40 hivi kwa dakika chache, ukipanguse. Usikitie maikrowevu, kitaiva nje na kupasuka tumbo. Mpe jioni, giza likiingia. Mweke nyoka na chakula ndani ya kopo la siagi lenye matundu, karatasi ya tishu chini, funika kwa kitambaa, rudisha kopo upande wa joto hadi asubuhi. Usifunue kuchungulia. Akikataa, ngoja siku 5 hadi 7 ndipo ujaribu tena. Kumwekea chakula kila siku kunamzidishia hofu tu.

Nyoka wa nyumba wengi wachanga wanaanza maisha kwa kula mijusi, na panya wa friza hanukii kama chakula kwao. Dawa iko ukutani kwako. Mjusi kafiri akishikwa mkia huuacha, na huna haja ya kumuua. Ugandishe mkia huo mwezi mzima kupunguza minyoo, kisha uyeyushe. Osha kitoto cha panya kwa maji matupu, kikaushe, kisugue na mkia kuanzia puani hadi mabegani. Ikishindikana, toboa fuvu la panya kwa sindano, ubongo utokeze kidogo. Haipendezi kutazama, lakini harufu hiyo huwaamsha waliokataa kila kitu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako wachache watakaohitaji msaada. Mpime kila wiki kwa mizani ndogo ya sonara. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito na umeshajaribu yote kwa wiki tano au sita, chukua kitoto kidogo kuliko vyote, kiloweshe, gusisha pua yake kwenye midomo ya nyoka hadi afungue. Kichwa kikiingia na meno yakashika, tulia kabisa, mwache amalizie mwenyewe. Kusukuma kooni ni jambo jingine. Tundu la pumzi liko sakafuni mwa mdomo, mbele, na njiti inalikwaruza. Meno yanavunjika, ufizi unatunga usaha, na baada ya hapo hatakula hata akitaka.

Mshikaji naye ajichunge. Wapo nyoka weusi wadogo wa chini ya udongo hapa Pwani wanaofanana na nyoka wa nyumba, ambao meno yao ya sumu hutokea ubavuni mwa mdomo uliofungwa. Hakuna namna salama ya kuwashika nyuma ya kichwa, na sumu yao haina dawa maalumu ya kuipinga (antivenom). Kama humjui, usimguse. Watu wa Bio-Ken, kituo cha nyoka pale Watamu, watakwambia ni nani. Kumwokota nyoka shambani na kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Akishakula mwenyewe, usimshike kwa saa 48. Mpe tena baada ya siku 5 hadi 7, ukubwa uleule. Akishakula mara tatu au nne mfululizo, anza kupaka mkia wa mjusi puani mwa panya tu, kisha uuache kabisa.