Toleo la Mwisho, la Mwisho Kabisa

Majirani zangu wa Sinza wanaamini kwamba mwandishi wa programu hushinda kwenye kiyoyozi akisubiri mshahara, na nikiwaeleza kuwa nimemaliza kutwa nzima nikitafuta namba ya kweli ya toleo la programu yetu kati ya namba tatu zilizomo kwenye faili moja, wananihurumia. Lakini ndivyo ilivyo. Faili la jar, yaani kifurushi cha programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, likiitwa malipo-2.4.0.jar, jina hilo halilazimishi kitu, maana ndani yake MANIFEST.MF, faili la maelezo ya kifurushi, inaweza kusema 2.3.9 na maelezo ya moduli, yaani kipande cha programu chenye jina lake, yakasema 2.4.0-rc1, la kujaribiwa kabla ya lile rasmi, na zote zikakaa pamoja kwa amani. Ni daladala iliyoandikwa Mbagala mbele na Kawe ubavuni, huku konda akiita Gongo la Mboto.

Hiyo MANIFEST.MF nayo ina makuu. Mstari wake hauruhusiwi kuzidi baiti 72. Ukizidi, unaukata na kuuendeleza chini kwa kuanza na nafasi moja tupu, ambayo jicho la binadamu haliioni, hasa umeme ukiwa umekatika. Mstari wa mwisho nao usipofungwa kwa alama ya mstari mpya, hausomwi sawasawa. Kijana aliyetoka chuoni juzi anaandika Implementation-Version, mstari wa namba ya toleo, kwa umakini wote, anaiweka mwisho kabisa, anahifadhi na kwenda kula. Mteja akiiuliza programu ni toleo gani, inajibu null, yaani hakuna kitu.

Java 9 ilipotoka Septemba 2017 na mfumo wake wa moduli, tulidhani neema imeshuka. Tukafungua module-info.java, faili la kuielezea moduli, kutafuta pa kuandika toleo, hapakuwapo. Unataja moduli unazozihitaji, lakini huwezi kusema unazitaka za toleo lipi. Namba hupachikwa pembeni wakati wa kufungasha, kwa chaguo la --module-version, na ikishapachikwa ni ya kusomwa tu, kwa kuwa kuchagua matoleo kumeachiwa zana za ujenzi wa programu, kama Maven. Hilo ningelivumilia. Kinachoniudhi ni kwamba moduli ileile ikikutwa mara mbili kwenye saraka moja, mfumo unagoma kuwaka na kutangaza kuwa umeona matoleo mawili, tena ukiyataja mafaili yote mawili kwa majina. Umeyaona, umeyatambua, na bado unaniuliza mimi!

Tuko pia na mteja anayetumia OSGi, mfumo mwingine wa moduli za Java. Kwa Maven, 1.0.0-SNAPSHOT ni kazi ambayo haijaiva, kwa hiyo hutangulia 1.0.0. Kwa OSGi, chochote kinachoongezwa baada ya namba tatu za mwanzo hulikuza toleo, kwa hiyo 1.0.0.SNAPSHOT ni mpya kuliko 1.0.0. Ukimpelekea mteja huyo toleo rasmi, mfumo wake unaliona limezeeka kuliko la majaribio alilokuwa nalo.

Haya yote mkuu wetu hayamsumbui. Yeye ana lake.

“Kijana, mbona tumerudi nyuma? Juzi tulikuwa 1.9, leo 1.10.”

“Mzee, hiyo nukta si ya desimali. Kumi inafuata tisa.”

“Nukta ni nukta. Mteja atadai punguzo.”

Nilitaka kumpa mfano wa Java yenyewe, nikakumbuka kwamba hata huko si pa kukimbilia: ilitoka 1.4 ikatangazwa kuwa 5, huku kwa ndani ikiendelea kujiita 1.5, na tabia hiyo ikadumu hadi ya 8, ambayo ukiiuliza inakujibu 1.8. Ilianza kujitaja kwa jina lake ilipofika 9. Mzee angesikia hayo angefurahi mno.

Na kweli alifurahi bila kuambiwa. Kikao kikaamua kwamba toleo lijalo liitwe 7, kwa kuwa washindani wetu wako kwenye 6 na vipeperushi vimeshachapishwa. Mwenzangu mmoja, mwepesi wa kumridhisha mkubwa, akaichukua maktaba yetu ya zamani ya ripoti, yaani msimbo wa kutumiwa tena na programu nyingine, isiyo na module-info, akaibatiza ripoti-7-final-mpya.jar na kuitia kwenye njia ya moduli, yaani mahali Java inapotafuta moduli. Maktaba ya namna hiyo hupewa jina la moduli kutokana na jina la faili, kwa hiyo Java ilijaribu kuiita ripoti.7.final.mpya, ikakataa katakata kwamba 7 haiwezi kuwa kipande cha jina. Sasa ameondoa 7, na Java inamkatalia final, neno ililojitengea yenyewe.