Rais wa kura za wananchi au wa kura za wajumbe: hesabu ya Kusini

Ipo hoja inayowavutia watu wengi wa Mtwara na Lindi kila mjadala wa Katiba unapofufuka. Inasema kwamba rais anayepatikana kwa wingi wa kura za nchi nzima hana sababu kubwa ya kuihangaikia Kusini, kwa kuwa kura zinazomfikisha Ikulu ziko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kwenye watu wengi. Wanaoishikilia hukumbusha machungu ya mwaka 2013, wananchi wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na hushauri rais achaguliwe na Bunge au na wajumbe maalumu wa mikoa, ili sauti ya mkoa mdogo isimezwe.

Kihesabu hoja hiyo si dhaifu hata kidogo. Sensa ya mwaka 2022 iliipa Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, jumla isiyofika asilimia 5 ya Watanzania wote. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 2020 mikoa hii miwili ilikuwa na majimbo 18 kati ya 264, yaani karibu asilimia 7. Mtwara peke yake ilikuwa na majimbo 10, sawa kabisa na Dar es Salaam yenye watu zaidi ya milioni 5. Kama wabunge wa majimbo ndio wangemchagua rais, mwananchi wa Nanyumbu angehesabika zaidi ya mara tatu ya mkazi wa Mbagala. Ni jambo la kutamanisha kwa eneo ambalo limelalamika miaka mingi kuwa limesahauliwa.

Hata hivyo, uzito wa kura ni jambo moja na kusikilizwa ni jambo jingine, na hapo ndipo mfano wa Marekani unapotufaa. Huko rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe 538, na mshindi anahitaji 270. Jimbo la Wyoming, lenye watu wasiofika laki sita, lina wajumbe 3, na California yenye watu karibu milioni 40 ina 54, hivyo mkazi wa Wyoming amependelewa waziwazi. Lakini wagombea hawaendi kuhangaika Wyoming, kwa sababu matokeo yake yanajulikana mapema na karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Nguvu zao huzielekeza Pennsylvania, Michigan na majimbo mengine machache yenye ushindani mkali. Pamoja na hayo, mwaka 2000 na tena mwaka 2016 aliyepata kura nyingi za wananchi alishindwa urais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8. Kwa hiyo mkoa ambao ushindi wake hauna mashaka hautabembelezwa na mtu, hata ukiongezewa wajumbe.

Mfumo wa Bunge kumchagua rais una faida ambayo naiona kubwa zaidi: anayemweka rais anaweza kumwondoa. Nchini Afrika Kusini, Thabo Mbeki mwaka 2008 na Jacob Zuma mwaka 2018 waliachia madaraka kwa shinikizo la chama chao bila risasi kulia. Mwaka 2024, chama cha ANC kilipoambulia viti 159 kati ya 400, Cyril Ramaphosa alilazimika kukubaliana na wapinzani ndipo akapata kura 283 bungeni. Kwetu, ambako kumwondoa rais kabla ya muda wake ni jambo gumu mno, faida hiyo haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo Botswana inaonyesha upande wa pili, kwamba rais anaweza kupatikana bila kura za wananchi walio wengi: mwaka huohuo wa 2024, muungano wa UDC ulipata karibu asilimia 37 ya kura, ukachukua viti 36 kati ya 61, na kiongozi wake, Duma Boko, akawa rais.

Wakulima wa korosho hawahitaji kwenda mbali kuujua uchaguzi wa kupitia mwakilishi. Wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, hutuma wawakilishi kwenye mkutano mkuu wa chama kikuu, kama MAMCU au TANECU, na wawakilishi hao ndio huchagua bodi. Mwakilishi akirudi kijijini, mwanachama anaweza kusimama mkutanoni na kumtaka aeleze ni kwa nini makato ya kila kilo yameongezeka, kwa kuwa wanaishi pamoja na msimu ujao watakutana ghalani. Lakini mwenyekiti wa halmashauri au meya huchaguliwa na madiwani, na mkazi wa Mikindani hana njia ya kujua diwani wake alimpa nani kura ya siri. Katika urais umbali huo ungekuwa mkubwa zaidi, na kishawishi cha fedha pia, kwani kuwahonga watu mia tatu ni rahisi kuliko kuwahonga mamilioni.

Kwa maoni yangu, Kusini ingefaidika zaidi kwa kubaki na kura ya moja kwa moja, ila kwa masharti magumu kuliko ya sasa. Mwaka 1995 mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura. Mabadiliko ya mwaka 2000 yaliliondoa sharti hilo, na sasa inatosha kuwazidi wengine. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka lirudishwe. Kenya huongeza sharti la kupata angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zake 47, na Nigeria hudai robo katika theluthi mbili ya majimbo. Sharti la Nigeria likiwekwa hapa, mgombea angehitaji robo ya kura katika mikoa 21 kati ya 31. Ni kweli kwamba duru ya pili, pale ambapo hakuna aliyetimiza masharti, ni gharama, na kwamba masharti hayo hayakuizuia Mahakama ya Juu ya Kenya kufuta uchaguzi wa mwaka 2017. Lakini kura ya Newala au Liwale ingehesabiwa mara mbili, kwanza katika jumla ya taifa na kisha katika robo ya mkoa wake, bila mwananchi kumkabidhi mjumbe haki yake ya kuchagua.