Dodoma hadi Morogoro kwa treni: siku moja ya kufuata maji

Tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 25, 2024, wakazi wengi wa Dodoma wanaitumia kwa jambo moja tu, kwenda Dar. Morogoro wanaipita wakiwa wameinamia simu. Naona ni hasara kubwa. Sisi tunaoishi na mito ya mchanga, ambayo kiangazi watu huichimba kutafuta maji, tuna mji wenye mto wa mlimani umbali wa takribani saa mbili. Kwa basi, kilomita 260 hivi za barabara humaliza saa nne au tano kwenda tu, na kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kujichosha bure. Kwa treni inawezekana, ila ratiba yote ya siku ipangwe kwa ajili ya mto.

Kata tiketi ya kurudi kabla ya ile ya kwenda. Wengi hufanya kinyume, halafu jioni wanajikuta Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, wakitafuta basi. Treni za Ijumaa jioni na Jumapili hujaa haraka, na Bunge likiwa linakutana, hasa la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, viti vinakuwa vya kugombania. Jumanne hadi Alhamisi viti hupatikana kirahisi zaidi. Ukikata kwa mtandao unapewa namba ya malipo. Lipa palepale kwa simu, maana nafasi isiyolipiwa hairuhusiwi kukaa muda mrefu. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho utakachobeba. Saa nazo zichunguze vizuri: ukiona 17:30, hiyo ni saa 11 na nusu jioni. Hakikisha pia kwamba treni uliyochagua inasimama Morogoro, kwa sababu treni zote hazisimami vituo vilevile.

Fika stesheni mapema, saa moja na nusu kabla au zaidi. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi na geti hufungwa kabla treni haijaondoka. Kisu cha kumenyea matunda kiache nyumbani.

Chagua treni ya asubuhi na kiti cha dirishani. Ya usiku inakunyima nusu ya safari, maana sehemu nzuri kuliko zote iko kati ya Gulwe na Kilosa. Maji utakayoyaona huko yana undugu na Dodoma. Mto Kinyasungwe Ndogo, uliozuiwa kwa bwawa la Hombolo mwaka 1957, ni miongoni mwa vyanzo vya mto unaopita Gulwe, ukaitwa Mkondoa kuelekea Kilosa, na mwishowe ukawa Wami unaoingia Bahari ya Hindi. Reli ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Dodoma mwaka 1910, imejibana kwenye bonde hilohilo, chini karibu na maji. Ndiyo sababu imekuwa ikisombwa mara kwa mara. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata vibaya sana. Mto hubeba mchanga mwingi kutoka ardhi iliyo uchi ya Mpwapwa na Kongwa, mchanga unajaa kwenye mkondo, kitanda cha mto kinapanda, na mvua inayofuata inakuta maji hayana pa kwenda isipokuwa relini. SGR imeinuliwa juu ya matuta na madaraja, na kwenye milima ya Kilosa inapita katika mahandaki manne. Mahandaki yakianza, weka simu chini. Bonde linafunguka na kufungwa kwa muda mfupi sana.

Stesheni ya SGR Morogoro iko Kihonda, si mjini. Chukua bajaji au daladala, pita Msamvu, endelea hadi katikati ya mji na uelekee moja kwa moja upande wa mlima. Bei ya bajaji patana kabla ya kupanda. Mto Morogoro unashuka kutoka milima ya Uluguru ukipita juu ya mawe makubwa, na bustani za mapumziko kando yake, kama Rock Garden, zina kiingilio, vivuli na pa kukaa. Kupanda Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, kunakula nusu ya siku. Kama treni imekushusha baada ya saa 4 asubuhi, achana nako. Mtu anayetaka mlima na mto na soko kwa siku moja anaishia kuona bajaji.

Jambo linalowaponza wageni kutoka Dodoma ni mvua. Kwetu mvua ni msimu mmoja, na ikifika Mei ardhi imeshakauka. Uluguru ina vuli na masika, na Mei kunaweza kunyesha vizuri tu. Mjini jua linawaka, huku juu mawingu yamefunika mlima na mvua inamwagika. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, yakianza kuleta majani na vijiti, au mlio wa mto ukiongezeka, toka majini hapohapo na upande juu. Usisubiri uone yamefika wapi. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa sababu mawe yenye ukungu wa kijani huteleza hata yakiwa yamelowa kidogo. Kwenye madimbwi yaliyotuama usiogelee wala usiwaache watoto wachezee, kichocho hupatikana kwenye maji ya namna hiyo.

Kwa treni ya saa 11 na nusu jioni, ondoka mtoni saa 8 na nusu. Hapo unabaki na nafasi ya kupita Soko Kuu la Chifu Kingalu, na muda wa kutosha kwa foleni ya Msamvu, ambako barabara za Dar, Dodoma na Iringa zinakutana. Nunua vitu vikavu: mdalasini, pilipili manga na iliki zinazoshushwa kutoka vijiji vya Uluguru. Ndizi zilizokomaa lakini bado mbichi husafiri vizuri. Fenesi lililoiva usilibebe, harufu yake itajaa behewa zima hadi Dodoma.