Chenji ya Joka

Nimepewa peremende tena badala ya chenji. Safari hii mbili, maana kijana wa dukani aliona ndevu zangu akaona anistahi. Nikamwambia, mwanangu, kesho nakuja kununua chumvi na nitakulipa kwa peremende hizi hizi. Akacheka sana. Sijui kilichomchekesha.

Mnayajua haya, sina haja ya kuwasimulia. Hapa Lamu, boti ya Mokowe ukitoa noti ya elfu, nahodha anageuka kutazama bahari. Duka la dawa chenji yao ni vidonge viwili vya kichwa, hata kama ulichoenda kununua ni dawa ya mguu. Muuza kahawa wa pale Mkunguni yeye hana makuu, atakwambia "utakuja kunywa tena, mzee," na sasa ana vikombe vyangu kibao ndani ya birika lake. Mungu ampe umri mrefu, maana warithi wake hawatanikubalia deni hilo.

Tangu 2018 tuna sarafu mpya zenye wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Nani kamwona kifaru huyo? Labda wamemrudisha mbugani. Na msinambie nilipe kwa simu. Nalipa kwa simu mimi, ila mtandao nao una siku zake za kwenda kulala kijijini Shela.

Basi na peremende zangu mfukoni nikapanda barazani kwangu nipumzike, nikamkuta mpwa wangu na wenzake wawili wamelaza ramani juu ya mkeka wangu. Hawa ndio wamemaliza shule wanasubiri majibu, na katika kusubiri wamebuni ufalme. Una milima, una msitu unaosema, una joka linalolalia hazina pangoni. Wanacheza kwa dadu na karatasi. Kila mmoja ni shujaa. Huyu mpwa wangu, ambaye kunyanyua ndoo ya maji ni vita, huko ana upanga.

"Shikamoo mjomba. Hebu tizama pesa zetu."

Nikasema marahaba, nikavaa miwani. Ukitaka kunitia heshima niulize habari ya pesa; sinazo, lakini nina maoni.

Wamepanga hivi: sarafu ya dhahabu inaitwa joka, ya fedha inaitwa bawa, ya shaba inaitwa gamba. Joka moja ni mabawa mia, bawa moja ni magamba mia. Nikawasifu. Nikauliza kwa upole, huko kwenu mahamri yapo?

Wakatazamana. Wakasema yatakuwepo.

"Mahamri manne na mbaazi zake?"

"Magamba matano, mjomba."

"Na shujaa akitoka pangoni mfukoni ana nini?"

"Majoka tu."

"Basi kapita asubuhi na njaa yake, kala, kampa mama wa watu joka moja. Chenji?"

Kijana mmoja, mwenye akili ya hesabu, akatia kalamu mdomoni: magamba 9,995.

"Gamba lina uzani gani?"

"Tuseme gramu tatu."

Nikawaacha wapige wenyewe. Karibu kilo 30! Mama mahamri afungue kibanda alfajiri, ana jiko, ana karai, ana sufuria ya mbaazi, na nyuma yake punda mzima amebeba chenji ya mteja mmoja. Wa pili je? Wa pili atapewa peremende. Nikawaambia hapo ndipo ufalme wenu unapoanguka. Joka si kitu, joka linauawa. Mama mahamri hana chenji.

Mpwa wangu akajitetea kwamba shujaa ana mfuko wa uchawi, ukitia kitu hakina uzito. Sawa, na mama mahamri anao? Hana. Basi! Uchawi nao wamepewa wakubwa. Hapo nikahisi sauti yangu imepanda, jirani akafungua dirisha.

Nikawauliza hazina ya pangoni ni majoka mangapi. Laki moja. Na yote yanamwagwa kwenye kijiji kimoja? Nikawapa habari ya Mansa Musa wa Mali, aliyepita Kairo mwaka 1324 akienda Hija, akagawa dhahabu mpaka dhahabu yenyewe ikashuka bei mjini kwa miaka. Mahamri hayatabaki magamba matano, wanangu. Kwani hapa hatujui? Nyumba ya Shela waulizeni wazee ilikuwa kiasi gani kabla wageni hawajaja na mifuko yao ya uchawi.

Wakawa kimya, nami nikanogewa. Kinachoniudhi ni kwamba watoto wa pwani hii wanakwenda kuazima dhahabu za majoka, na hapo kisiwani Pate tu, kwenye magofu ya Shanga, zimefukuliwa sarafu za fedha ndogo mno, za zaidi ya miaka elfu. Ndogo! Yaani mtu alikaa akafikiri: watu watanunua vitu vidogo. Kilwa nao, Sultani Ali bin al-Hasan alipiga sarafu za shaba zenye maneno ya Kiarabu, upande huu na upande ule vikifuatana kwa vina. Chenji yenye vina, jamani. Mimi leo nimepewa chenji yenye ladha ya ndimu.

Kisha kuna ile riyali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, waliyoitumia babu zetu, sarafu ya fedha yenye uzani wa gramu 28 na ushei. Imeandikwa 1780, na hata zilizopigwa karne nzima baadaye ziliandikwa 1780 vilevile, kwa kuwa wafanyabiashara hawakutaka kuiona na sura nyingine. Huo ndio uaminifu. Sisi noti ya elfu ya zamani iliambiwa mwisho wake ni tarehe 30 Septemba 2019, na waliokuwa wamezilalia godoroni wakaamka wamelalia karatasi. Nikamwambia mpwa wangu, hata joka lako lilale jicho moja, siku mfalme akibadilisha sarafu litakuta linalinda vyuma.

Hilo alilipenda. Akaliandika. Hivi sasa mimi ni Mweka Hazina Mkuu wa ufalme, mshahara majoka arubaini kwa mwezi, na nimeshatoa amri ya kwanza: gamba likatwe vipande vinne, na anayerudisha peremende afungwe ngomeni. Mama watoto kasikia dirishani, akauliza hayo majoka arubaini yanaingia lini kwenye simu, maana gesi imekwisha. Nikamwambia kuna taratibu. Akasema taratibu hazipiki.

Ushuru ndio umetugonganisha. Mimi nataka punda walipiwe, wao wanasema huko hakuna punda, kuna farasi wenye mbawa. Farasi wapite wapi kwenye vichochoro? Mwenye punda anayelala mlangoni kwangu kila usiku akishusha mizigo yake ndiye wa kwanza ningemtoza, bawa moja kwa kila kwato, na ningemtaja hata jina, ila anapita hapa sasa hivi, ananisalimia.