Mguu Wangu Uko Ghalani

Siku hizi nikipita Chikongola, hapa Mtwara, hakuna anayeniuliza hali. Wananiuliza, "Vipi mzee, zimetoka?" Hawasemi zipi, ila ni hela za fidia. Tangu kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kinigonge, mguu wangu wa kushoto umekuwa kama korosho iliyoingia ghalani: mwenye mali unaambiwa usubiri mnada, na bei haijatangazwa watu wameshapanga makato. Shemeji yangu wa Masasi kesharuka na hesabu ya mabati. Binamu anataka pikipiki. Mama Zuhura mwenyewe hajasema neno, lakini juzi nimemkuta anapima ukuta wa sebuleni kwa kanga, na sisi kochi hatuna.

Ajali yenyewe haina hadithi. Nilikuwa sokoni nimesimama nachagua dagaa, kirikuu kimebeba magunia ya salfa, dawa ya mikorosho, kikarudi nyuma. Mimi nikaenda chini, dagaa wakaenda juu. Muuza dagaa aliniinua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameukinga anadai hela yake. Mfupa ukavunjika, ajali ikaisha. Kisichoisha ni hiki kilichofuata.

Walianza wazee wa mtaa. "Yamalizeni kiungwana." Kiungwana maana yake dereva alete hela ya supu na panadol, mwenyekiti aandike karatasi, tusaini, tupigwe picha. Na dereva mwenyewe mtoto mdogo, siku ile alilia kuliko mimi mwenye mguu. Kidogo nisaini kwa huruma. Mpwa wangu anayesoma sheria Dar akapiga simu: "Mjomba, weka kalamu chini! Gari lina bima ndogo. Ingiza namba zake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, utaiona. Bima ile imekatwa kwa ajili yako wewe."

Nilimwambia arudie. Mimi miaka yote najua bima ndogo imekatwa kwa ajili ya trafiki. Watu hapa wanaikata wakisikia kuna ukaguzi njia ya Mingoyo, na asiyepita Mingoyo haikati. Kumbe Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inamlazimisha mwenye chombo awe nayo ili mtu baki kama mimi, niliyejisimamia na dagaa zangu, nikiumizwa nisibaki kuchangishiwa msikitini. Nikamuuliza dereva kama alikuwa anajua. Akasema, "Babu, mimi najua ni ya kuonyesha tu."

Basi tukaingia kwenye karatasi. Ya kwanza PF3, hiyo kila Mtanzania aliyewahi kupigana anaijua: unaichukua polisi, daktari anaijaza umeumia wapi na kiasi gani. Halafu PF90, ya taarifa ya ajali. Halafu nikaambiwa PF115. Nikashtuka. Kutoka 90 hadi 115 kuna nini hapo katikati, na ajali ngapi tena natakiwa kupata ili nizimalize?

Kesi ya trafiki ilikwenda upesi. Dereva alikiri kosa, hakimu akampiga faini, akalipa. Mtaa mzima ukaja nyumbani kunipongeza. Wakala ubwabwa wangu. Ikabidi nisimame kwenye magongo niwaeleze kwamba faini inakwenda Serikalini, mguu haujapata hata soda. Wakanitazama kama mtu aliyekwisha zificha. Lakini nakala ya hukumu ile, mpwa anasema, ndiyo silaha: dereva akishatiwa hatiani, kampuni ya bima haitakuja kuniuliza nilikuwa natafuta nini nyuma ya gari.

Kampuni yenyewe sitaji jina. Ina kiyoyozi kikali na binti mmoja mpole sana, na upole ule ndio unaonitia wasiwasi. "Mzee wangu, tuletee risiti za gharama zote." Hapo ndipo nilipojua kwamba aliyetunga utaratibu huu hajawahi kuugua Mtwara. Risiti za hospitali ninazo, sawa. Za dawa ninazo, japo moja panya ameila penye jumla. Lakini fundi wa mifupa kule Nanyamba, aliyenikanda na kunifunga vijiti, risiti ya mashine ataitoa wapi? Nilipomwomba, alikasirika, akasema baba yake ameunga nusu ya wilaya na hakuna aliyemdai karatasi. Dereva wa bajaji nilimwomba risiti ya kunipeleka kliniki, akazima injini ili acheke vizuri. Kuku wa supu je? Nimeshusha banda zima la kuku wa kienyeji kwa ajili ya mguu huu, nani atanisainia? Kuku?

Mpwa akanieleza kwamba mahakamani fidia ziko za namna mbili. Ipo mahususi, ile ya hela uliyotoa mfukoni, na hiyo bila uthibitisho hupati hata senti. Na ipo ya jumla, ya maumivu na usumbufu, anayoipima hakimu mwenyewe. Nikamwambia basi twende na ya jumla, maana usumbufu ninao wa kutosha kugawia wilaya mbili. Akacheka. Sikuwa natania.

Likaja suala la kipato. "Mzee unapata kiasi gani kwa mwezi?" Kwa mwezi! Mimi mtu wa korosho, mwezi naupata mmoja kwa mwaka, na huo wenyewe mpaka mnada uende vizuri. Nikapeleka karatasi za malipo za AMCOS, chama chetu cha ushirika, za misimu iliyopita. Hizo zikapokelewa kwa heshima kubwa, kwanza nilijiona mtu. Kisha binti akatazama vizuri. Kitambulisho cha NIDA kinasema Selemani. AMCOS wameandika Suleiman. PF3 inasema Sulemani. "Mzee, hawa ni watu watatu." Nikamwambia mwanangu, watu watatu na mguu mmoja uliovunjika, kampuni imepata nafuu. Hakucheka huyo. Nikaenda kula kiapo cha majina kwa wakili, nikalipia, nikaomba risiti. Sasa nadai risiti mpaka kwa muuza mihogo.

Shemeji naye hakukaa kimya. Alisikia redioni kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, akaja mbio tujaze fomu. Mfuko ule ni wa mtu mwenye mwajiri aliyeumia kazini. Mwajiri wangu mimi ni mikorosho, na mchango haijapeleka. Akahamia hospitali: "Mguu umechelewa kuunga, tuwashtaki madaktari wa uzembe, wapo Baraza la Madaktari Tanganyika wanapokea malalamiko." Baraza lipo kweli, na uzembe ukiwepo mtu aende. Ila mimi plasta niliikata mwenyewe kwa msumeno wa kukatia matawi kwa sababu ilikuwa inawasha, na shemeji ndiye aliyenishikia. Nikamuuliza kama yuko tayari kusimama shahidi. Akaomba maji ya kunywa.

Simu za kampuni zilipopungua, mpwa akanifundisha niseme maneno haya: "Tusipoelewana nakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima." Nikayasema polepole, nasoma kwenye kiganja. Jamani! Nikaacha kuwa "mdai", nikawa "mzee wetu". Pia amenionya kwamba siku wakileta hati ya kukubali malipo nisome kabla ya kusaini, maana ukisaini umemaliza, hata mguu ukidondoka wenyewe kesho yake. Na nisilale: madai ya namna hii mahakamani mwisho miaka 3. Nilidhani miaka 3 ni mingi. Sasa naona ni ya mtu mwenye jina moja.

Wiki hii wameniandikia barua. Jalada limekamilika, isipokuwa jambo dogo: PF3 inasema mguu wa kulia, ripoti ya hospitali inasema wa kushoto, wanaomba ufafanuzi. Nikaenda na ufafanuzi wenyewe, nikapandisha suruali pale kaunta, kovu hili hapa. Binti akageuza uso, akasema, "Mzee, huo hatuwezi kuuambatanisha." Anataka PF3 isahihishwe na daktari aliyeijaza. Na daktari huyo amehamishiwa Newala.

Nauli imeniishia, na watu wa kukopa wote wananiona tajiri. Gari pekee nililopata la bure ni kirikuu kilekile, kijana anapeleka salfa huko Jumamosi. Amesema nitakaa mbele. Nimemwambia sawa, ila kwanza anitumie namba za gari, niangalie kama bima haijaisha.