Kisu cha babu hakitaki kung'arishwa

Kisu kilinifikia siku ya arobaini ya shangazi, hapa Bombo, Uganda, kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha kanga yake. Nilipokifungua roho iliniuma. Kilikuwa kinang'aa. Miaka yote niliyokifahamu kilikuwa cheusi, weusi wa sufuria la zamani, na sasa kilikuwa cheupe kama kijiko cha dukani. Karibu na ncha, upana wa kidole gumba, chuma kilikuwa na rangi ya buluu inayocheza kama shingo ya njiwa.

Mpwa wangu alikuwa amekipeleka kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kunolea. "Mjomba," akaniambia, "kilikuwa cheusi. Niliona haya kukuletea kitu cheusi siku kama hii." Sikumgombeza. Kijana alitaka kuniheshimu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilisema kwa kila anayenisikiliza, na leo naliandika: kisu cha urithi hakisuguliwi mpaka king'ae, wala hakipelekwi kwenye mashine.

Ile rangi ya buluu ni kovu la moto. Visu hivi vya zamani ni vya feleji ya kaboni, si hiki chuma cha siku hizi kisichoshika kutu. Mfua visu alikipasha moto mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo, kisha akakirudisha kwenye joto la polepole, nyuzi 200 na kitu, kikapata rangi ya majani makavu. Hapo ndipo ugumu na ustahimilivu vinapokutana. Jiwe la mashine linalozunguka bila maji hupandisha joto kwenye makali membamba kwa sekunde chache tu. Likifika karibu nyuzi 300 unaiona buluu, na ukiiona ujue chuma kimelegea. Sehemu hiyo ukiinoa asubuhi, jioni ni butu. Hakuna mafuta wala dua itakayoirudisha. Mpaka sehemu hiyo iishe kwa miaka ya kunolewa, au kisu kizima kipitishwe tena motoni, na hapo kitakuwa kisu kingine.

Na ule weusi haukuwa uchafu. Feleji ya kaboni ikigusa damu, ndimu, kitunguu na jasho la mkono, inajivika ngozi nyembamba ya kijivu au nyeusi. Ngozi hiyo inatulia juu ya chuma na kukilinda kidogo. Adui ni kutu nyekundu, ile ya unga unga, inayochimba vishimo. Watu wengi wanavichanganya hivi viwili, wanaona weusi wanashika msasa. Wanatoa ngozi, wanaacha nyama wazi, na mvua ya Machi ikianza kutu inaingia kwa kasi ambayo haikuwepo zamani.

Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, enzi kikosi cha nne kilipokuwa na makao yake hapa hapa Bombo. Wanubi wenzake wengi wa rika lake walipitia humo, na Kiswahili tunachokiongea nyumbani kinanuka gwaride mpaka leo. Baadaye aliingia Idara ya Wanyamapori, iliyoanzishwa mwaka 1925 chini ya Kapteni Charles Pitman. Kazi kubwa ya idara ile ilikuwa kuzuia ndovu wasimalize mashamba ya watu. Kisu alikipata huko. Hakikuwa cha kuua. Kilikuwa cha kuchuna na kukata nyama ya kugawia wanakijiji baada ya risasi.

Juu ya bapa, karibu na mpini, kuna mhuri wa Joseph Rodgers wa Sheffield, Uingereza: nyota na msalaba wa Malta, na juu yake taji na herufi G na R. Herufi hizo ni za mfalme George, yaani kisu kilitengenezwa kati ya 1910 na 1952, maana George wa Tano na wa Sita wote waliandikwa hivyo, isipokuwa karibu miezi kumi na moja ya 1936 alipokuwepo Edward wa Nane. Kama ingekuwa V na R, ni cha enzi ya Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. Mashine ile imeula mhuri nusu. Msalaba bado unaonekana. Nyota lazima uelekeze kisu dirishani.

Hapo wanunuzi wananielewa hata kama hawajui lolote kuhusu babu. Anayekusanya visu vya zamani anaangalia mhuri unaosomeka, bapa ambalo halijapunguzwa, na ala yake ya asili. Anayekusugulia kisu amekupunguzia bei huku akidhani anaipandisha.

Mpini nao una habari yake. Mama alikuwa akisema ni pembe ya kongoni aliyepigwa na babu mwenyewe, na mimi niliamini hivyo nusu ya umri wangu. Siyo. Pembe ya kongoni, kama ya ng'ombe, ina uwazi ndani na mnyama haiangushi. Mpini huu una gamba lenye mifereji kama la mti, na mwishoni, pale shaba ya manjano inapouziba, unaona mfupa wenye vitundu vidogo vidogo. Hiyo ni pembe ya kulungu wa Ulaya au Asia, wale wanaoangusha pembe na kuota nyingine kila mwaka, ambao porini kwetu Uganda hawapo. Ni jambo la maana kulijua, kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haichezi: kuwa na kiungo cha mnyama anayelindwa bila kibali ni kosa, na kwa walio hatarini kutoweka adhabu inafika kifungo cha maisha. Kama mpini wa kisu ulichorithi ni mweupe, laini, na mwishoni una mistari membamba inayopishana kama wavu, huenda ni pembe ya ndovu. Usikiuze, usikisafirishe, nenda ukawaulize Mamlaka ya Wanyamapori kwanza.

Kukitunza ni kazi ndogo, na ndiyo maana inaniudhi watu wanapokimbilia mashine. Kisikae ndani ya ala. Ngozi inanyonya unyevu, ina chumvi na dawa za kutengenezea ngozi, na ndizo zinazozalisha ile kutu ya kijani kwenye shaba na ile nyekundu kwenye chuma. Mimi naviweka kando kando ndani ya sanduku, kisu kwenye kitambaa cha pamba, ala yake pembeni. Mafuta ni yale ya cherehani, matone mawili yaliyopakwa na kufutwa. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunata. Mpini na ala ninavipaka nta ya nyuki kidogo sana, wala mpini hauloweshwi majini hata siku moja. Makali ni kinoo chenye maji, taratibu, mara moja kwa mwaka kabla ya Idi kubwa, kwa kuwa kisu hiki bado kinachuna mbuzi wa nyumbani kwetu. Kisu butu kinaharibu ngozi na kumchosha mtu.

Na andika. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nimeandika kwenye karatasi nani alikishika, lini, alikitumia wapi, na hata habari ya mashine nimeiandika, kwa sababu nayo sasa ni sehemu ya kisu. Isipokuwepo karatasi hiyo, wajukuu wangu watakuta kipande cha chuma na kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.

Mvua za Septemba zilipoanza nilimwita mpwa wangu. Kulikuwa na vidoa viwili vya kutu pale mhuri ulipoliwa. Nikavitia mafuta, tukaviacha mpaka kesho yake, halafu nikampa senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile ya shaba yenye tundu katikati, iliyokaa miaka yote kwenye kopo moja na kisu. Shaba ni laini kuliko feleji. Inakwangua kutu na kuliacha chuma bila mkwaruzo. Alikaa barazani karibu saa nzima, akikwangua, akifuta, akikielekeza kisu kwenye mwanga.

"Mjomba," akasema, "nyota nimeiona."

Nilimwambia aache hapo hapo, asiendelee.